Injini Iliyokufa Mara ya Pili: Namna ya Kutambua Kosa la Matengenezo Yaliyopita

Tangu kazi za barabara zilipoongezeka Unguja na Pemba, si jambo geni tena kukuta kijiko au greda limesimama pembeni mwa njia siku ya tatu mfululizo, na barazani hakosekani mtu wa kulieleza. Mmoja atasema mtambo ulikuja ukiwa umeshachoka huko ulikotoka. Wa pili atalaumu vipuri vya bandia. Wa tatu, ambaye huenda aliwahi kuwa utingo, atasema kwamba injini hiyo ilikuwa gereji mwezi uliopita tu, ikatiwa ringi na beringi mpya, na kwa hiyo haiwezekani ubovu ukawa ndani yake. Kauli hii ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa sababu imegeuka juu chini. Injini iliyofunguliwa mwezi uliopita ikafa mwezi huu inatakiwa kwanza iulizwe juu ya ufunguzi ule, kabla ya kuulizwa juu ya umri wake au nchi iliyoitengeneza.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema mtambo nina maana ya mashine nzito ya kazi, kama vile kijiko, buldoza, greda na shindilia, na naingiza humo majenereta makubwa pia, kwa kuwa injini zake ni za ukoo mmoja. Karibu zote ni za dizeli, na injini ya dizeli haina plagi ya kuiwashia moto. Pistoni hupanda ndani ya silinda ikaibana hewa mpaka ujazo wake ukabaki kiasi cha sehemu moja ya kumi na sita au ya kumi na nane, hewa hiyo ikapata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo nozeli inapopuliza dizeli kama ukungu na ukungu huo ukajiwasha wenyewe. Aliyewahi kujaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono, kisha akaigusa pampu kwa chini, ameshaihisi kanuni hiyo kwa vidole vyake.

Ringi ni zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni ili hewa isivuje kwenda chini na oili isipande juu. Laina ni bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Krenki ni mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Beringi zake, tofauti na za gurudumu la baiskeli, hazina gololi: ni vipande viwili vya bati lililopindwa nusu duara, vinavyoikumbatia krenki huku na huku. Baina ya bati hilo na krenki huachwa nafasi ambayo kwa kawaida haifiki hata milimita 0.1, yaani kama unene wa unywele, na nafasi hiyo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Krenki yenye uzito wa mtu mzima, au zaidi, huelea juu ya oili hiyo. Injini ikiwa kazini, chuma hakitakiwi kukigusa chuma kabisa. Ovahoo ni kuifungua injini yote, kupima kila kinachopimika, kubadilisha vilivyolika na kuifunga upya, na mafundi wengi wanapolitaja neno hilo huliruka lile la kupima.

Liko neno moja zaidi ambalo bila yake makala haya hayaendi mbali, nalo ni chanzo. Kipande kilichovunjika mara nyingi ni majeruhi tu. Beringi iliyoungua haikujiunguza, tabo (pangaboi ya kuisukumia injini hewa) iliyokatika haikujikata, na gasketi (kizibio kinachowekwa baina ya vyuma viwili) iliyotoboka haikutoboka kwa kuwa ilichoka kukaa pale. Fundi anayebadilisha kilichovunjika bila ya kuuliza kimevunjwa na nini amewatayarishia wenzake maiti ya pili.

Makosa yanayoachwa na matengenezo ya nyuma yako ya namna nyingi, na mengine hayaaminiki kwa udogo wake. Chukua silikoni, ile gundi laini ya mpira ambayo hupakwa pale ambapo vyuma viwili vinakutana, ama peke yake ama juu ya gasketi. Ikitumika kwa kiasi haina ubaya, na baadhi ya watengenezaji wa injini huielekeza wenyewe. Tatizo huanza pale fundi anapoona kwamba nyingi itaziba zaidi. Bolti zikikazwa, gundi iliyozidi hutoka pande zote mbili. Ya nje huonekana na kufutwa kwa kitambaa, na ya ndani hubaki ikining'inia kama utepe mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Baada ya siku kadhaa za joto na oili utepe ule hukatika ukaangukia kwenye simpu, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini, na humo mna chujio la waya ambalo pampu ya oili hunyonyea. Kila aliyekamua tui anakijua kifumbu kilichojaa chicha kupita kiasi: mkono unaminya kwa nguvu zote na kinachotoka ni matone. Ndivyo inavyokuwa kwa pampu hiyo. Kijiti cha kupimia kinaonesha kwamba oili imejaa, oili yenyewe ni mpya na ya bei, na huko juu beringi zinakufa kwa kiu.

Hapo ndipo kisa kinapochanganya watu. Fundi wa pili hufungua, akaona beringi zimeungua, akasema kwamba zilikuwa za bandia, na mwenye mtambo akamwamini kwa sababu ni kweli kwamba vipuri bandia vipo sokoni. Beringi mpya zinaagizwa Dar es Salaam au Dubai, zinafungwa, simpu inarudishwa kwa silikoni nyingine nyingi zaidi, na lile chujio halijashushwa likatazamwa. Injini hii itakufa mara ya tatu, na safari hiyo watu watasema ina mkosi.

Kosa jingine linalofanana na hilo kwa ukimya wake ni la kugeuza vipande vya beringi. Katika injini nyingi kipande cha juu cha beringi kuu, yaani ile inayoishika krenki kwenye bloku (mwili wa injini), kina tundu na mfereji wa kupitishia oili, ilhali cha chini ni kitupu. Fundi mwenye haraka, au anayefanya kazi jioni kwa mwanga wa simu, akikiweka cha chini juu, huwa ameliziba tundu la oili lililomo kwenye bloku. Injini itawaka vizuri na geji ya oili haitalalamika, kwa sababu geji hupima msukumo uliomo ndani ya njia kuu, wala haijui kama oili imefika kwenye beringi ile au imeishia mlangoni. Dakika chache baadaye beringi moja, na ni hiyo hiyo moja tu, huwa imeyeyuka ikashikana na krenki, ilhali jirani zake zote zinang'ara. Mtu akiuona ushahidi wa namna hii hana haja ya kuzungumza juu ya ubora wa oili, kwa kuwa oili mbaya haichagui.

Vifuniko vya konrodi, ile fimbo inayoiunganisha pistoni na krenki, navyo vina kisa chao. Konrodi na kifuniko chake hutobolewa kiwandani zikiwa zimefungwa pamoja, ndiyo maana hupigwa namba zinazolingana. Kuvichanganya vifuniko ni kama kubadilishana mabamba baina ya milango miwili ya Mji Mkongwe: yote ni milango, huenda yote ilichongwa na fundi mmoja, lakini hakuna utakaofunga sawasawa. Tundu linakuwa si duara tena, beringi inabanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, na siku moja inaanza kuzunguka pamoja na krenki badala ya kutulia mahali pake.

Bolti za silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha silinda, nitazipitia kwa ufupi, ila kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Baadhi ya bolti huingia kwenye matundu yasiyotokea upande wa pili. Tundu kama hilo likibaki na oili au maji, bolti inapoteremka hukutana na kitu kisichobanika, ikaanza kuikaza oili badala ya kuikaza hedi. Spana ya kupimia nguvu itaonesha kwamba kipimo kimefika na fundi ataondoka akiwa na dhamiri safi, ilhali hedi haijabanwa, au bloku imeshapata ufa. Gasketi ikitoboka wiki ya pili lawama itaiangukia gasketi. Na zipo bolti ambazo kiwandani zimekusudiwa kukazwa mara moja tu, kwa sababu hurefuka zinapokazwa, lakini kwetu hurudishwa kwa vile bado zinaonekana nzima.

Sasa tuje kwenye aina ya kosa ambalo, kwa maoni yangu, limegharimu pesa nyingi kuliko yote hayo, nalo ni kuifunga injini mpya pamoja na mabaki ya ile iliyokufa. Beringi iliyosagika haitoweki. Huwa chenga za chuma zinazosafiri na oili kila inapokwenda. Fundi mzuri huiosha bloku, huosha simpu, hupuliza vijia vya krenki kwa upepo wa kompresa, kisha hukichukua kipoza oili na kukirudisha kilivyo kwa sababu hakikuvunjika. Kipoza hicho ndani kina vijia vingi vyembamba, na humo ndimo chenga zinamolala. Injini mpya ikipata moto, oili huanza kuzichomoa kidogo kidogo. Mtu atauliza filta iko wapi. Iko, lakini asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, au filta ikiwa imeanza kuziba, valvu ya pembeni hufunguka na kuiacha oili ipite bila ya kuchujwa, kwa kuwa waliobuni injini waliona ni afadhali oili chafu kuliko kukosekana kwa oili. Ndiyo maana baada ya beringi kusagika ni salama zaidi kukibadilisha kipoza kuliko kukisafisha, ingawa bei yake huwafanya wengi wakitazame mara mbili na kukirudisha.

Tabo hupita njia hiyo hiyo. Tabo ni pangaboi inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, nayo huzunguka kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, ikitegemea oili inayopita kwenye bomba jembamba. Niliwahi kulipia sehemu ya gharama za tabo mbili za jenereta moja ya kifamilia kule Pemba. Ya kwanza ilikufa kwa uzee, ya pili ikafa baada ya siku tisa, na wakati tunajadiliana juu ya ya tatu, mzee mmoja aliyekuwa akipita njia aliomba alione lile bomba la oili. Alichomeka waya ndani yake ukaishia katikati. Aliyefunga tabo ya pili alikuwa amepaka gundi kwenye kiungio, na gundi ikakaa ndani kama kizibo cha chupa. Nalitaja hili bila ya kinyongo, kwani na mimi nilikuwepo siku ile inafungwa nikimwangazia tochi.

Jenereta limenikumbusha jambo. Waliokuwa Pemba kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, na waliokuwa Unguja katika giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, wanajua jinsi majenereta yalivyomiminika majumbani na madukani katika visiwa hivi. Ufundi mwingi wa dizeli tulionao mitaani ulijengwa kwa kuhangaika na mashine hizo ndogo, na ni ufundi wa kuheshimika. Lakini jenereta ndogo husamehe makosa ambayo injini ya kijiko, inayobeba mzigo mzito kutwa nzima, haiyasamehi.

Hapa inafaa niingie katika imani chache zinazosemwa kwa uhakika mkubwa katika gereji zetu, kwa sababu kila moja ni ukarabati uliojificha, na kila moja humvuruga anayekuja kuchunguza baadaye.

Ya kwanza ni kwamba nchi ya joto haihitaji themostati. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto unaotakiwa, na fundi anayeona injini inachemka huuona mlango huo ni kizuizi akautoa. Katika injini nyingi kubwa themostati ina kazi ya pili: ikifungua njia ya rejeta, wakati huo huo huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu kubwa ya maji huipita hiyo kwa kuwa ni nyepesi, bila ya kufika kwenye rejeta. Matokeo yake, injini iliyotolewa themostati ili isichemke ndiyo inayochemka inapobeba mzigo, na ikiwa haina mzigo hubaki baridi kupita kiasi, dizeli isiungue yote, na ile isiyoungua ikateremka ukutani mwa laina mpaka kwenye oili.

Ya pili ni oili nzito. Injini ikionesha kwamba msukumo wa oili umeshuka, hutiwa oili nzito zaidi, sindano ya geji ikapanda, na watu wakapongezana. Geji hupima ugumu wa oili kupita wala haipimi wingi wa oili inayofika. Nafasi ya beringi iliyopanuka kwa kulika haikupungua kwa kutiwa oili nzito, na asubuhi oili ile huchelewa kufika juu, ambako kunahitaji zaidi. Mchunguzi anayekuta oili nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu cha mtambo ajue kwamba kuna mtu kabla yake aliyeiona dalili akaifunika.

Ya tatu ni kuongeza mafuta kwenye pampu ya nozeli. Injini iliyopungua nguvu kwa sababu ringi zimelika, au hewa haitoshi, inaweza kurudishiwa nguvu kwa muda kwa kuifungulia dizeli zaidi. Moshi mweusi huongezeka, joto ndani ya silinda hupanda, na kichwa cha pistoni, ambacho mara nyingi ni cha aluminiamu, huanza kuyeyuka. Anayekuja kuifungua ataona pistoni imeungua akadhani nozeli ni mbovu, ilhali skurubu ya pampu iliyovunjwa lakiri ndiyo yenye habari yote. Na akizitazama nozeli, azitazame pia pete zake za shaba, kwani si mara moja pete ya zamani imebaki ndani ya tundu na mpya ikawekwa juu yake, nozeli ikainuka kidogo, na dizeli ikapigwa mahali ambapo haikukusudiwa.

Ya nne haina madhara makubwa kama hizo lakini inanichekesha. Silinda iliyosagwa upya kwa jiwe, inasemwa, ioshwe kwa petroli kwa kuwa petroli husafisha kila kitu. Petroli huondoa oili na kuuacha unga wa jiwe umekwama kwenye mikwaruzo ya chuma, na unga ule utazila ringi mpya tangu saa ya kwanza. Unga huo hutoka kwa maji ya moto na sabuni na brashi ngumu, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe, kisha chuma kikapakwa oili haraka kabla hakijashika kutu. Mama zetu wangeshangaa kuambiwa kwamba sabuni si ya kuaminika.

Maji yanastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ya mahali tulipo. Sehemu kubwa ya Unguja, na baadhi ya maeneo ya Pemba, imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vyetu vingi hupita humo. Kila nyumba ina birika lenye ukoko mweupe ndani. Mtambo ukitiwa maji ya kisima kwenye rejeta, ukoko huo huo hujijenga nje ya laina na ndani ya hedi, ukawa kama blanketi linalozuia joto lisitoke. Geji ya joto inaweza kusoma vizuri, kwa kuwa inapima maji, ilhali chuma kilicho nyuma ya ukoko kinaungua. Zaidi ya hapo, laina hutetemeka kila dizeli inapolipuka, na mtetemo huo hutengeneza vipovu vidogo kwenye maji yanayoigusa. Vipovu hivyo vinapopasuka huugonga ukuta wa laina na kuutafuna, mpaka nje yake ikawa na vishimo kama ubao ulioliwa na mchwa, na kishimo kimoja hatimaye kikatokea ndani. Dawa ya kupozea inayochanganywa na maji safi imewekwa kwa ajili ya kuzuia mambo hayo yote mawili, pamoja na kutu. Fundi anayebadilisha laina zilizotoboka kwa ustadi usio na dosari, kisha akamwambia kijana achote maji kisimani ajaze, hajakosea katika kufunga hata bolti moja, na bado injini itarudi kwake.

Vumbi nalo lina hesabu za kwetu. Mara nyingi uharibifu wa vumbi baada ya matengenezo hutokana na klampu moja ya bomba la hewa iliyosahauliwa kukazwa. Filta ya hewa inaweza kuwa mpya kabisa, lakini injini ikawa inavuta pumzi kupitia ufa ulio nyuma ya filta. Kipimo chake hakihitaji mashine: vua bomba upande wa injini, pitisha kidole ndani, na kidole kikitoka na vumbi umeshajua. Ndani ya injini, kulika kwa laina huwa kukubwa zaidi pale juu ringi ya kwanza inapogeukia, na kingo za mbele za pangaboi ya tabo huwa zimelika. Mtambo uliofanya kazi kwenye mchanga wa Donge, huko kaskazini mwa Unguja, huharibika upesi kuliko ule wa kwenye maweni, kwani chembe za mchanga ni ngumu na vumbi la mawe ya chokaa ni laini zaidi, ingawa halina usalama.

Wanaopeleka sampuli ya oili maabara wawe waangalifu katika jambo hili. Maabara hutambua mchanga kwa kuona elementi ya silikoni (kwa Kiingereza silicon) ikipanda, lakini ile gundi tuliyoizungumza nayo ina elementi hiyo hiyo, na injini iliyotoka gereji karibuni inaweza kuonesha kiwango kikubwa bila ya kuwa na punje ya mchanga. Vumbi la chokaa, kinyume chake, huonekana kama kalisiamu, na kalisiamu imo kwenye oili yenyewe kama dawa ya kusafishia, kwa hiyo linaweza kupita bila ya kutiliwa shaka. Karatasi ya maabara isomwe pamoja na habari za mahali mtambo ulipofanya kazi na siku uliyofunguliwa.

Sasa anayeitwa kuichunguza injini iliyokufa aanze wapi? Aanze kwa kumzuia mtu mwenye ndoo na brashi. Tuna desturi nzuri ya kuosha kitu kabla ya kukishughulikia, lakini injini iliyooshwa imefutwa ushahidi. Kabla hata ya spana ya kwanza, aulize mtambo ulifunguliwa lini, kwa sababu gani, na saa ya mtambo ilisoma ngapi wakati ule na inasoma ngapi leo. Tofauti hiyo ya masaa inaongoza sana. Injini iliyokufa ndani ya dakika au masaa machache huelekeza kwenye kitu kilichozibwa, kilichogeuzwa au kilichosahauliwa. Iliyokufa baada ya makumi ya masaa huelekeza kwenye uchafu uliobaki au kipimo kisicho sahihi. Iliyofika mamia ya masaa kisha ikafa kwa namna ile ile ya mwanzo hueleza kwamba chanzo cha kwanza hakikuguswa. Si sheria isiyovunjika, lakini mara nyingi humpeleka mtu mahali pa kuangalia kwanza.

Baada ya hapo atoe oili kwenye chombo kisafi aitazame kama ina maji, dizeli au chenga. Filta ikatwe na kufunguliwa, na isikatwe kwa msumeno, kwani msumeno nao humwaga chenga na hakuna atakayezitofautisha. Sumaku ipitishwe kwenye kilichokutwa: kinachonata ni chuma cha ringi, laina au gia, na kisichonata huenda ni cha beringi au pistoni. Bolti zifunguliwe kwa kusikiliza mkono, maana bolti iliyolegea kuliko wenzake ina habari, na nguvu iliyotumika kuifungua iandikwe. Kila kipande kipigwe picha kikiwa mahali pake, kisha kipangwe kwenye turubai kwa namba ya silinda yake, juu kwa juu na chini kwa chini.

Beringi ndizo zenye maelezo mengi zaidi. Zikiwa zimelika zote kwa usawa, tatizo ni la injini nzima: oili kukosekana, kuwa chafu au kuwa nyepesi kwa kuchanganyika na dizeli. Ikiwa moja tu imeharibika, tatizo liko pale pale. Ikiwa kuna doa linalong'aa mahali pamoja, igeuzwe mgongo, na mara nyingi upande wa nyuma sawa na doa hilo patakutwa alama ya punje ya uchafu iliyobanwa wakati wa kufunga. Ikiwa imelika ukingo mmoja zaidi, konrodi yake ipimwe kama imepinda. Mgongoni pia huwa pameandikwa saizi, na hapo ndipo hugundulika kwamba krenki ilishachongwa ikapungua milimita 0.25 au 0.50, jambo ambalo mnunuzi wa mtambo hakuambiwa. Krenki iliyochongwa itazamwe pembeni mwa shingo zake, yaani zile sehemu zinazokumbatiwa na beringi, pale chuma kinapopinda. Kiwandani kona hiyo huachwa na mviringo, na mchongaji akiiacha kali kama kona ya boksi, ufa wa krenki utaanzia hapo.

Yote haya yasimfanye mtu adhani kwamba fundi wa mwanzo huwa ndiye mkosaji kila mara. Ipo mitambo iliyofungwa vizuri ikauliwa na dereva aliyeikata waya ya king'ora cha oili kwa sababu kelele zake zilimchosha, na wapo wenye mitambo walioambiwa wazi kwamba kipoza na tabo vibadilishwe pamoja na beringi, wakasema vifungwe vya zamani kwanza mpaka malipo ya kazi yaingie. Fundi aliyekubali sharti hilo bila ya kuliandika popote ndiye atakayebeba lawama, na kwa hiyo mafundi wawili watatu ninaowajua siku hizi huandika kwenye daftari walichopima, walichokuta, walichobadilisha na walichokatazwa kubadilisha, wakaweka saa ya mtambo na tarehe, kisha vipande vya zamani wakamrudishia mwenyewe kwenye gunia akae navyo.